Mpiga chelo afundishwe kutunga tangu mwaka wa kwanza

Kwa Mhariri,

Magazeti yetu huandika habari za wanamuziki wa okestra mara mojamoja, na yanapoandika, habari huwa ni ile ile: vijana wa mtaa fulani wa Nairobi wamejifunza kupiga fidla, chelo (ile fidla kubwa ambayo mpigaji huipiga akiwa ameketi) au tarumbeta, na wamewapendeza wageni waheshimiwa kwa muziki wa watunzi wa Ulaya waliokufa zamani. Ni habari njema, nami huisoma kwa furaha kila inapochapishwa. Hata hivyo, huikuta ikiishia pale ambapo ingestahili kuanzia, kwa kuwa mwandishi haulizi vijana hao wametunga nini, na pengine haulizi kwa sababu hata walimu wao hawajawauliza.

Ninafundisha muziki hapa jijini, na katika ala zote, chelo ndiyo niliyoishi nayo kwa karibu zaidi. Nimewaona wanafunzi wenye vipaji vikubwa wakifika umri wa kuchagua kazi, na nimekaa na wazazi wao. Swali la mzazi huwa moja: "Mwalimu, huyu mtoto atakula nini?" Ni swali la haki. Chelo ya mwanafunzi peke yake inaweza kumeza mshahara wa mwezi mzima, na bado kuna nyuzi za kubadilisha, upinde wa kutiwa nywele upya, na nauli ya kubebea ala ambayo makanga wengi hawataki kuiona mlangoni pa matatu. Walimu wengi hujibu kwamba kijana atapiga katika harusi na hoteli, atafundisha watoto wa wenye uwezo, na akibahatika atapata kiti katika okestra. Yote hayo ni kweli, lakini ni maisha ya mtu anayengoja kuitwa, tena kuitwa ili apige alichoandika mwingine. Naamini kwamba jibu hilo limeidhoofisha kazi ya mpiga chelo katika nchi yetu kuliko uhaba wa hadhira unaolalamikiwa kila siku.

Ningependa wazazi hao wamjue Abel Selaocoe, mpiga chelo na mtunzi wa Afrika Kusini. Alizaliwa mwaka 1992 huko Sebokeng, kitongoji kilicho kusini mwa Johannesburg, na aliyemwingiza katika muziki ni kaka yake mkubwa, ambaye alikuwa akienda Soweto kujifunza. Baadaye alipata ufadhili wa kusoma katika shule ya St John's College mjini Johannesburg, na kutoka huko akaelekea Manchester, Uingereza, katika chuo cha Royal Northern College of Music. Hadi hapo safari yake inafanana na ya vijana wetu kadhaa waliokwenda kusoma ng'ambo, na kama angebaki kuwa mpigaji hodari wa kazi za wengine, huenda jina lake lisingetufikia. Yeye aliamua kuitungia chelo muziki unaotokana na nyimbo alizokulia nazo, akaimba kwa Kisotho huku akipiga, na akaongeza uimbaji wa koo wa wanawake wa Kixhosa uitwao umngqokolo, ambapo mwimbaji mmoja hutoa kwa wakati mmoja sauti nzito ya chini na nyingine nyembamba inayoelea juu yake.

Anayemtazama akipiga huona mambo ambayo vitabu vyetu vya mazoezi havina. Mkono unaiacha kazi ya nyuzi na kupiga mbao za chelo kama ngoma, kisha upinde unarudi na kugusa nyuzi mbili kwa pamoja, huku sauti yake ya kuimba ikishuka hadi pale pale unapolia uzi mzito wa chelo, hata msikilizaji akashindwa kutenganisha koo na mbao. Kisha, bila kubadilisha kiti wala ala, anapiga muziki wa Bach, mtunzi Mjerumani wa zamani, na anaupiga vizuri.

Mwaka 2021 alipanda jukwaa la Royal Albert Hall, London, katika msimu wa matamasha ya Proms, akiwa na kundi lake la Chesaba. Mwaka 2022 kampuni ya Warner Classics ilitoa albamu yake ya kwanza, ambamo tungo zake zimekaa bega kwa bega na za Bach, na mwaka 2025 ikafuata nyingine, Hymns of Bantu. Ameandika pia koncheto, yaani tungo ambamo mpigaji mmoja huongoza akisindikizwa na okestra, ya chelo iitwayo Four Spirits, na hapa ndipo ninapotaka wazazi na walimu watulie kidogo. Koncheto ya chelo ya Dvořák, mtunzi wa Kicheki, inaweza kupigwa na mamia ya wapiga chelo duniani, na okestra inayotaka kuipiga ina uhuru wa kumchagua yeyote kati yao, akiwa karibu au akiwa wa bei nafuu. Okestra inayotaka Four Spirits humtafuta kwanza aliyeiandika, kwa sababu sauti yake ya kuimba na mikono yake ni sehemu ya kazi yenyewe. Kijana wa Sebokeng hangeweza kuwashinda wapigaji wote wa Ulaya kwa kukimbia katika njia yao. Alifungua njia yake, na sasa wao ndio wanaomfuata humo.

Najua wapo watakaosema kwamba huyo ni mtu wa pekee, na kwamba kazi ya mtunzi na kazi ya mpigaji ni mbali mbali. Historia ya ala yenyewe inakataa. Luigi Boccherini, aliyezaliwa Lucca, Italia, mwaka 1743 na kufariki Madrid mwaka 1805, alikuwa mpiga chelo, na sonata na koncheto alizoiandikia ala hiyo zilitoka katika vidole vyake mwenyewe. David Popper, mzaliwa wa Prague wa mwaka 1843, alizunguka Ulaya akipiga tungo zake, na yale mazoezi 40 aliyoyaandika ndiyo yanayowatoa jasho wanafunzi wa chelo hadi leo, wa Nairobi wakiwamo. Pablo Casals, ambaye wengi humkumbuka kwa kuzirudisha jukwaani tungo sita za Bach za chelo pekee, alitunga pia. Utengano wa mpigaji asiyetunga na mtunzi asiyepiga ulikomaa baadaye, na sisi tuliupokea pamoja na silabasi, kana kwamba ni kiungo cha ala ambacho hakiwezi kukatwa.

Tena utengano huo haukuwahi kuwa wetu. Sijapata kumwona mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, anayengoja kuletewa wimbo ulioandikwa na mtu mwingine. Mpiga orutu, fidla ya Waluo yenye uzi mmoja, huanza na melodia waliyoiacha wazee, lakini kabla hajafika mbali amekwisha kumsifu aliyemwalika, kwa maneno na mapindi anayoyatunga papo hapo, na hadhira humpima kwa uwezo wake huo wa kutunga. Kwa mpiga wandindi wa Kikuyu na mpiga obokano wa Kigusii mambo ni hayo hayo. Hata katika makanisa ya mjini, mwalimu wa kwaya huandika wimbo katikati ya wiki kwa sol-fa, zile nota za do-re-mi, waimbaji wakajifunza jioni moja, ukaimbwa Jumapili, na hakuna anayeshangaa. Mwaka 1963, taifa lilipohitaji wimbo wake, wanamuziki watano walikaa wakachukua wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto, wakaujenga upya hadi ukawa huu tunaousimamia wima. Kwa nini basi mtoto akishika chelo tumfundishe kwamba kutunga ni kazi ya watu wengine?

Sitakubali pia hoja kwamba chelo ni ala ya kigeni isiyoweza kubeba muziki wa huku. Vikundi vya taarab vya Unguja, kama vile Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club cha mwaka 1958, vilifuata mfano wa okestra za Misri, na humo chelo imekaa miongo mingi pamoja na fidla, kanuni, udi na akodiani, ikibeba sauti za chini za nyimbo ambazo bibi zetu walizijua kwa moyo. Waliokuwa wakiipiga hawakuomba kibali cha mtu yeyote.

Niruhusu nieleze jambo nililolishuhudia. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu alikuwa akifanya mazoezi ya ngazi za sauti, akachoka, akausogeza upinde hadi karibu na kile kipande cha mbao kinachozibeba nyuzi, akapunguza uzito wa mkono, na sauti ikatoka yenye kukwaruza kidogo, karibu sana na ile ya orutu aliyokuwa akiisikia kwao Siaya. Akaacha kuinua vidole na badala yake akatelezesha kidole kimoja juu ya uzi mmoja, kama wanavyofanya wapiga orutu, akapata melodia fupi ya sauti tano. Hakuna kitabu kilichomwonyesha. Tuliiandika kwa penseli nyuma ya karatasi iliyokuwa karibu, na baada ya wiki kadhaa akawa ameirefusha kuwa kipande kamili, chenye sehemu ya kati ambapo nyuzi mbili za chini zinavuma pamoja bila kubadilika huku upinde ukibanwa hadi ncha yake. Ilikuwa kazi ya mwanafunzi, na ilikuwa na kasoro za mwanafunzi, lakini nilipomsikia akiipiga mbele ya wenzake nilimwona akikaa wima kuliko alivyowahi kukaa kwa kipande chochote nilichomchagulia mimi. Mtihani aliokuwa akijiandalia ulikuwa na orodha yake ya vipande. Hicho chake hakikuwa na mahali pa kuingia, na kikarudishwa mkobani.

Mtihani wetu wa kitaifa wa KCSE una nafuu kidogo, kwa kuwa mtahiniwa wa muziki hutakiwa kuandika melodia na kuoanisha sauti nne. Hilo, hata hivyo, hufanyika kimya juu ya karatasi, mbali na ala aliyoipiga katika mtihani wa vitendo, na ndiyo sababu mwanafunzi anaweza kupata alama ya juu katika yote mawili bila kuwahi kusikia hata sauti moja aliyoiandika ikitoka katika ala yake. Sasa mtaala mpya umefungua mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo katika shule za upili, na wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wameanza mwaka 2026. Wale wanaoandika miongozo ya somo la muziki wana nafasi ambayo haitarudi upesi. Naomba waandike wazi kwamba kila muhula mwanafunzi wa ala apige mbele ya watu kitu alichokitunga kwa ajili ya ala hiyo, hata kiwe cha dakika moja, na kwamba alama zitolewe kwa kutunga na kupiga kwa pamoja.

Mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye namheshimu, anahofia kwamba mtoto atakimbilia kutunga kabla hajajua kushika upinde, na kwamba tutazalisha watunzi wasioweza kupiga ngazi moja bila kukosea. Hofu yake ina msingi, na sisemi Bach na Popper wawekwe kando. Nilichokiona darasani ni kinyume cha anachokihofia. Mtoto aliyejaribu kuandika mruko kutoka uzi mzito kabisa hadi ule mwembamba kabisa, akagundua kwamba upinde hauna budi kupita juu ya nyuzi mbili za katikati, huelewa siku hiyo hiyo kwa nini Bach alizipanga sauti zake jinsi alivyozipanga, na hurudi kwenye mazoezi ya mkono wa kulia bila kusukumwa. Kabla ya hapo alikuwa akitii alama za kwenye karatasi tu.

Nije kwenye riziki, maana ndilo swali la mzazi. Mpigaji anayelipwa kwa kuhudhuria hulipwa jioni moja, na jioni ikiisha malipo yameisha. Mwenye kutunga ana mali. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mtunzi wa Kenya maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na mirabaha ya kazi yake ni haki yake na ya warithi wake, ingawa sote tunajua kwamba ukusanyaji na ugawaji wa mirabaha katika nchi hii umekuwa na migogoro ya miaka mingi, na kwamba mtunzi mchanga anahitaji mtu wa kumweleza namna ya kusajili kazi yake kabla hajaipiga hadharani. Somo hilo nalo halimo katika madarasa yetu.

Wapo wapiga chelo waliojenga maisha kwa njia nyingine mbali na jukwaa la okestra. Zoë Keating, anayefanyia kazi zake Marekani, hupiga chelo moja na kuirekodi juu yake yenyewe kwa kompyuta mpaka inasikika kama kundi zima, na huuza muziki wake moja kwa moja kwa wasikilizaji. Ameziweka hesabu zake hadharani ili wanamuziki wenzake wajifunze, na zilionyesha kwamba mapato ya rekodi zake yalitoka zaidi katika mauzo kuliko katika usikilizaji wa mtandaoni, ambao ulileta sehemu ndogo tu. Hildur Guðnadóttir wa Iceland, aliyezaliwa mwaka 1982 na kuanza chelo utotoni, alikwenda hadi katika kituo cha nyuklia kilichofungwa nchini Lithuania kurekodi sauti za jengo lenyewe kwa ajili ya muziki wa tamthilia ya Chernobyl, na mwaka 2020 akapokea tuzo ya Oscar kwa muziki wa filamu ya Joker, ambao moyo wake ni chelo. Filamu na tamthilia hutengenezwa Nairobi kila uchao, na nyingi huvikwa muziki uliochukuliwa tayari mtandaoni, usiojua mvua ya Aprili wala kelele za Gikomba. Mwelekezi wa filamu na mpiga chelo anayetunga wanaishi katika jiji moja na hawajui kwamba wanahitajiana.

Nairobi haina upungufu wa mahali pa kuanzia. Kenya Conservatoire of Music imekuwapo tangu mwaka 1944 na Nairobi Orchestra tangu mwaka 1947. Ghetto Classics, iliyoanzishwa Korogocho mwaka 2008 na Elizabeth Njoroge, imewapa ala watoto ambao vinginevyo wasingezigusa, na kwa hilo nawashukuru wahusika wake kwa dhati, kwa sababu bila wao ningekuwa naandika juu ya wapigaji ambao hawapo. Tamasha la Muziki la Kenya, lenye historia inayoanzia mwaka 1927, limetufundisha kwa vizazi kuwaheshimu walimu wanaopanga upya nyimbo za asili kwa ajili ya kwaya. Ningefurahi kuona heshima hiyo hiyo ikipewa mtoto anayeketi peke yake na chelo na kupiga alichokitunga. Kwa okestra zetu, naomba kila msimu ziagize kipande kimoja kipya kutoka kwa mmoja wa wapigaji wake. Si lazima kiwe koncheto. Dakika sita za chelo na nyuzi nyingine chache zinatosha. Naomba pia kipande hicho kilipiwe, kwa makubaliano yaliyoandikwa, kabla ya siku ya onyesho. Kijana aliyeambiwa mara nyingi kwamba malipo yake ni "kujulikana" hujifunza upesi kwamba kazi yake haina bei, na akishalijua hilo huiweka chelo chini ya kitanda na kutafuta kazi nyingine. Nimeshawapoteza wanafunzi kwa njia hiyo, na baadhi yao walikuwa na masikio makali kuliko yangu.

Kwa wafadhili neno langu ni fupi. Mnaponunua chelo, tengeni kitu cha kumlipa mtu atakayekaa na mtoto huyo amfundishe kuandika nota, na kitu cha kurekodia anachokiandika. Chelo bila hayo huishia kupiga nyimbo tatu zile zile katika kila hafla ya mfadhili.

Nawe Mhariri, mwandishi wako atakapotumwa tena kwenye tamasha la okestra katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo au kwingineko jijini, naomba aandike jina la mtunzi wa kila kipande kilichopigwa, na pale ambapo mtunzi yumo miongoni mwa wapigaji, amhoji yeye kabla ya kumhoji mgeni wa heshima.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa muziki,
Nairobi